Barua Kumi na Tisa, na Moja Yangu

Kabla hujasikia maneno ya watu, sikia yangu. Hakuna barua hata moja ya shule iliyopita mikononi mwangu ikafika nyumbani kwa mtu, na hakuna hata siku moja niliyojuta. Ndiyo maana darasa zima la saba B waliniita Posta. Posta za wenzetu hupeleka barua. Yangu ilikuwa inazuia.

Na msidhani ilikuwa kazi ya kukurupuka. Ilikuwa na utaratibu wake. Barua zilitolewa dakika kumi kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, bahasha ya kaki, imebanwa kwa gundi na kugongwa muhuri mgongoni. Ukipewa yako, unaipachika kwenye daftari la hesabu, unapita kwenye dawati langu la nyuma kabisa, unaiacha hapo kana kwamba umesahau. Mimi naipeleka kwenye shimo la taka nyuma ya vyoo, na mfagiaji akiwasha moto wake jioni, habari imekwisha. Malipo yalikuwa zoezi la hesabu, au kunibebea mkoba mpaka njia panda.

Sharti lilikuwa moja: barua haifunguliwi.

"Posta, si tuchungulie kidogo tu?" Wateja wapya hawakukosa kuuliza hivyo.

"Ukishajua kosa lako, uso unakushtaki," nawaambia. "Mama anakutazama mara moja, umekwisha. Asiyejua kitu uso wake mkavu kama sahani."

Wakaondoka wakitikisa vichwa kwa heshima. Kwani barua ya shule iliwahi kuja na jambo jema? Ilikuja na kioo kilichovunjwa, na dawati lililochorwa, na utoro. Mzazi akiuona ule muhuri alianza kuvua kandambili kabla hajavaa miwani.

Hizo zilikuwa enzi za mwalimu wa nidhamu. Sisi tulimwita Radi, maana kwanza inakupiga, ndipo unasikia mlio. Radi alikuwa na fimbo na daftari jeusi la makosa yetu, na jina langu lilikuwa limeandikwa humo mara nyingi kuliko tarehe. Saba B ilikuwa imeshamaliza walimu wawili wa darasa mwaka ule. Mmoja aliomba uhamisho. Wa pili aliomba ruhusa ya ugonjwa, na nasikia mpaka leo hajapona.

Wa tatu alikuwa mwanamke mwembamba, sauti ndogo, mkoba mkubwa. Tukasema huyu wiki haimalizi.

Siku ya kwanza nilimpima. Kiranja alikuwa anasoma ukurasa kwa sauti. Nikasubiri, nikasubiri, alipofika nukta nikalia kama mbuzi aliyeachwa juani. Darasa likalipuka. Mwalimu akaja mpaka kwenye dawati langu, nami nikanyoosha kiganja, kwa mazoea.

Akakitazama kile kiganja kama mtu aliyeletewa chakula asichoagiza.

"Nimeona umengoja mwenzako amalize sentensi yake ndipo ukalia," alisema. "Kungoja huko ni kuzuri. Kesho tutashughulikia mbuzi."

Kicheko kilichofuata hakikuwa changu tena. Kilikuwa juu yangu. Wiki nzima watu walikuwa wananiuliza, "Vipi, mbuzi keshapata matibabu?"

Ndivyo alivyokuwa. Hakusema "vizuri sana" kama mtu anayemwaga maji ya kunawia. Alikuwa anakutajia jambo lenyewe. "Nimeona umemsogezea jirani yako kitabu." "Nimeona jana ulichelewa dakika ishirini, leo kumi. Hizo kumi umezitoa wapi?" Hili la dakika aliambiwa Jongoo, rafiki yangu, ambaye hata kufumba macho alikuwa anachelewa. Jongoo akakaa nalo moyoni kutwa nzima, akalirudia mara tatu njiani.

Mimi nilimcheka. "Umenunuliwa kwa dakika kumi?"

"Kumi ni nyingi," alisema Jongoo.

Wiki ya pili Radi aliingia katikati ya kipindi, fimbo kwapani, akamwita mwalimu mlangoni. Mkuu wa shule alikuwa naye. Walidhani wananong'ona, lakini mlango wa saba B haukuwa na kitasa tangu sisi tukiwa la sita, na sauti ilikuwa inapita kama upepo.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," Radi alisema. "Hawa utawaharibu."

"Na chanda chema huvikwa pete," mwalimu alijibu. "Wewe umewapiga miaka mingapi?"

"Minne."

"Wamenyooka?"

Radi akahamishia fimbo kwapa la pili. Darasa zima tuliuma vidole ili tusicheke.

Mkuu akakata shauri. Ijumaa ya mwisho wa mwezi palikuwa na mkutano wa wazazi. Watoto wa saba B tulikuwa arobaini. Wakija wazazi ishirini na watano, wakasema wameona mabadiliko kwa watoto wao, mwalimu angebaki na darasa na njia yake. Wasipofika, darasa linarudi kwa Radi, pamoja na fimbo yake.

"Watakuja," mwalimu alisema. "Nitawaandikia wote."

Kesho yake bahasha zikaanza kutoka. Tatu leo, nne kesho, kaki, gundi, muhuri. Mwalimu alikuwa anampa kila mtu yake kwa mikono miwili, na kumwambia, "Mpe mzazi mkononi, aifungue mwenyewe." Sisi tulitazamana. Aa! Kumbe sauti ndogo ile yote ilikuwa ya kuchukulia ushahidi! Amekaa wiki mbili anatuchekea, kumbe anaandika mashtaka. Wa mbele, wale wenye soksi zilizolingana, walizipeleka nyumbani. Wa nyuma walipita kwenye dawati langu. Sikuwahi kupata biashara namna ile. Nilichoma barua kumi na tisa. Yangu ikawa ya ishirini, na niliitupa motoni kwa mbwembwe, nikapiga saluti.

Jumatatu ya wiki ya mkutano, mlango ukasukumwa na bega. Aliingia baba yake Kimya. Kimya ni msichana wa dawati la kwanza ambaye sauti yake hatukuwa tumeisikia tangu la nne. Baba yake ni seremala, na alikuja na nguo zake za kazini, unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. Mkononi alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye kanga.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Nimekuja kuuliza kama nimeipima sawa."

Akafunua. Ilikuwa fremu ya mbao, imepigwa msasa ikang'aa, na kioo mbele. Ndani ya kioo, barua yenye muhuri wa shule.

Mwalimu akaomba isomwe. Seremala akasoma kwa sauti ya mtu anayeapishwa: "Ndugu mzazi, binti yako husoma na mwenzake aliyesahau miwani, akimwonyesha mstari kwa kidole, siku tano mfululizo, bila kuombwa na mtu. Nimeona niseme. Karibu mkutanoni Ijumaa utuambie na wewe umeona nini nyumbani."

Alipomaliza akapangusa kioo, ingawa kilikuwa safi. Kimya alikuwa ameinamia dawati, masikio tu ndiyo yaliyoonekana, na yalikuwa yanacheka.

Mimi nilikaa nyuma nikajishusha mpaka kidevu kikagusa dawati. Kichwa kimoja kikageuka. Halafu cha pili. Halafu vyote kumi na tisa vya wateja wangu. Afadhali wangenitukana.

Mapumziko walinibana nyuma ya tangi la maji.

"Posta," alisema Ngumi. Huyo jina lake linajieleza. "Yangu ilisema nini?"

"Nitajuaje? Si nilichoma?"

"Ulisema ni mashtaka!"

"Nilisema haifunguliwi. Sikusema ni nini."

"Huyo anajibu kama wakili," mtu alisema, "wakati ni mchoma taka."

Jongoo akaingia katikati. "Twende tukamwambie mwalimu aandike upya."

"Thubutu!" nilisema. "Umwambie wanafunzi wake wamechoma barua zake? Radi akisikia, hahitaji hata mkutano. Atasema, hao hapo, mlivyowasifu ndivyo walivyowafanyia."

Tukahesabu kwa vijiti chini. Barua zilizofika zilikuwa ishirini. Hata kama wazazi wote ishirini wangekuja, na wazazi hawaji wote hata kwenye harusi, watano wangepungua. Na kila mmoja wetu alijua maana ya kupungua. Mgongo unajua hesabu kuliko kichwa.

"Mimi fimbo ya Radi siirudii," nilisema. "Shule hii ilichukua miaka minne kutupa mwalimu mmoja asiyeinua fimbo. Hatumtoi kwa sababu ya moto wa taka. Nitazipeleka mwenyewe."

"Utapeleka nini, majivu?"

"Kwa mdomo."

Wakacheka sana. Lakini hakuna aliyekuwa na wazo jingine.

Nilianza jioni ile ile na baba yake mtoto wa dirishani, mteja wangu wa dawati la dirishani. Ni fundi magari. Nilimkuta chini ya gari, miguu tu nje, nikaongea na miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kavunja nini?"

"Hajavunja kitu."

"Basi kapigana na nani?"

"Hajapigana, mzee. Nimetumwa niseme jambo zuri."

Miguu ikatulia. "Kijana, nina kazi. Sema kosa uende."

Hapo ndipo nilipogundua shida yangu. Barua sikuisoma. Jambo zuri la mtoto wa dirishani mimi nalijulia wapi? Nikafungua mdomo, nikitegemea utajijaza uongo wenyewe, maana huo sijawahi kupungukiwa nao. Badala yake nikasikia ninasema: "Pale bombani, asubuhi, watoto wa la kwanza wakija, anawapisha wote kwanza. Halafu anamkinga mdogo kabisa asisukumwe. Kila siku. Anakosa maji yeye."

Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeiona mara mia, nikamcheka mara mia. Spana ilianguka sakafuni. Fundi akateleza kutoka chini ya gari, uso umejaa grisi.

"Mwanangu mimi?"

"Wako."

"Yule anayekataa hata kunipisha mlangoni?"

"Huyo huyo. Ijumaa saa nne kuna mkutano."

Alinitazama akitafuta mtego. Hakuuona, maana haukuwepo. "Nitakuja," alisema, "na kama ni utani wako, nitakujia kwenu."

Nilitembea siku nne. Nilifukuzwa mara mbili, na shangazi mmoja alinishikilia mkono akakagua mifuko yangu kwanza. Mama mmoja fundi cherehani alinisikiliza mashine ikiendelea kunguruma, na nilipomaliza akauliza, "Na kioo kiko wapi?"

"Kioo gani, mama?"

"Mlichovunja."

Kwa Ngumi ndiko nilikotoa jasho. Nilizunguka nyumba yao mara tatu nikitafuta wema wa Ngumi. Halafu nikakumbuka: wiki mbili hajampiga mtu. Na siku kiranja alipougua tumbo, nani aliyembeba mgongoni mpaka ofisini? Kaka yake Ngumi, aliyemlea, alisikiliza mkono shavuni. Aliniomba nirudie ile ya mgongoni. Nikairudia. Akasema, "Kama nilivyokuwa nambeba yeye." Halafu akafunga mlango haraka.

Alhamisi nilikwenda kwa bibi yake Jongoo, nikatoa ujumbe, nikaondoka. Hapo hapana la kusimulia. Nyumba ya ishirini sikuiendea. Nyumba hiyo ni yetu. Ungetaka nimwambie nini mama yangu? Nijisifu? Nina haya zangu.

Ijumaa madawati yalijaa. Mkuu alihesabu kwa kalamu hewani, akafika thelathini na mmoja, akahesabu tena. Sisi wanafunzi tulisimama ukutani. Radi alikaa karibu na ubao, fimbo imelala mapajani kama paka.

Seremala alisema. Mama cherehani alisema kwamba binti yake sasa anaosha vyombo akijitajia mwenyewe, "Nimeona umeosha sufuria." Watu wakacheka. Halafu fundi magari akasimama, ameoga, ana shati jeupe, akaeleza ya bombani. Kaka yake Ngumi akaeleza ya mgongoni. Nilimwona mwalimu anakunja paji la uso. Hayo hakuwa ameyaandika. Yeye alikuwa ameandika mengine, ambayo mpaka leo hakuna mwingine ajuaye.

Radi naye si mjinga. Akainuka polepole.

"Naomba kuona barua. Wenye barua wanyanyue."

Zikanyanyuka kumi na nne, moja ikiwa na fremu.

"Na ninyi wengine? Mlijuaje?"

Fundi magari akaninyooshea kidole. Mama cherehani akaninyooshea. Kaka yake Ngumi pia. Vidole vikatoka kila upande mpaka nikajiona kama picha ukutani.

"Njoo mbele," Radi alisema. "Barua ziko wapi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nimesema nachukia fimbo, sijasema naiogopa. "Nilizichoma. Zote. Wenzangu wasiguswe, moto ulikuwa wangu."

Chumba kikavuma. Radi akawageukia wazazi, mikono wazi. "Mmesikia kwa masikio yenu. Mwezi mzima wa sifa, na hiki ndicho tulichovuna. Mtoto anachoma barua za shule, halafu anazunguka mitaani akitunga hadithi. Mkuu, huu si mkutano. Huu ni mchezo wa kuigiza. Sifa hazijambadilisha mtu hapa."

Mkuu akafunga faili. Alivyolifunga tu, nilijua tumekwisha. Hata hivyo alinigeukia. "Wewe. Nijibu kweli. Huyu mwalimu amekubadilisha?"

Lilikuwa neno moja tu. Ningesema "ndiyo" nikakaa. Mwalimu alikuwa ananitazama, Jongoo alikuwa ananikonyeza mpaka jicho linataka kudondoka. Lakini Radi naye alikuwa ananitazama, na ile midomo yake ilikuwa imeshaanza kucheka, na mimi, nikichekwa, huwa nanyanyua kidevu.

"Hapana," nilisema. "Mimi hanibadilishi mtu. Nimekwenda kwa wazazi kwa sababu siitaki fimbo yake huyu, basi. Sifa mnaweza kugawana wenyewe. Barua yangu niliichoma pamoja na nyingine, sikuitaka jana, siitaki leo, na wala sijali ilisema nini."

Radi akapiga kiganja pajani. "Si nilisema!" Mwalimu akaangalia sakafu. Wallahi, kama maneno yanamezeka, ningeyameza yale pamoja na ulimi.

"Mwongo huyo!"

Sauti ilitoka nyuma. Bibi yake Jongoo alikuwa anajisukuma kutoka kwenye dawati la watoto lililombana magoti.

"Bibi," nilisema, "tafadhali..."

"Nyamaza, nazungumza na wakubwa wenzangu. Mkuu, huyu alikuja kwangu jana. Kanieleza mjukuu wangu siku hizi anaamka na jogoo kwa ajili ya dakika kumi za mwalimu wake. Nikafurahi. Nikamuuliza, na yako, mjukuu wangu, barua yako ilisemaje? Akakaa juu ya kigoda changu, pale jikoni, akalia! Analia mpaka kwikwi. 'Sijui, Bibi. Nimeichoma kabla sijaisoma. Sitajua kamwe.' Anasema hivyo huku kamasi zinamchuruzika. Sasa mtu asiyejali analia hivyo?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha chumba kizima, lakini si kicheko cha kuuma. Ngumi alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja. Radi alijaribu kusema kitu, fundi magari akamwambia, "Kaa, Mwalimu, umemsikia bibi." Mkuu akalifungua tena lile faili, akaandika mstari mmoja, akasema bila kuinua kichwa kwamba mwalimu anaendelea na darasa lake mpaka mwisho wa mwaka, na fimbo itabaki ofisini.

Makofi yakalia. Mwalimu aliniangalia, na sauti yake ndogo ikapenya katikati ya kelele zote: "Kwenye barua yako niliona niseme kwamba..."

"Vitunguu!" nilipiga kelele, uso unawaka moto. "Sikulia! Bibi alikuwa anakata vitunguu!"

Bibi yake Jongoo akanikazia macho.

"Vitunguu gani, we mtoto? Nilikuwa namenya viazi. Na nusu ya ndoo ulimenya wewe."